Simu Isizime Mpaka Adija Azae

4 Oktoba

Muuguzi wa dispansari amenipima presha, akatikisa kichwa, akasema: "Mzee Chabani, hasira zako usiziseme tena. Ziandike." Haya, naandika. Nimechukua kaye, daftari la shule lililokuwa kabatini, lenye kurasa nyeupe za kutosha, na mke wangu Khadidja amecheka mpaka akakaa chini.

Hasira ya kwanza ni Djibril, mume wa binti yangu Adija. Leo amepanda boti ya mizigo bandarini kwenda Kigoma. Kutoka Kigoma wanavuka kwenda Kongo, na kurudi ni mpaka shehena ipatikane. Amemwacha mtoto wangu na tumbo kubwa kule mtaa wa Musaga, mlimani, kwa mama mkwe. Mila inajulikana: mimba ya kwanza, binti anarudi kuzalia kwa mama aliyemzaa. Lakini Mwanamwema, mama yake Djibril, amesema mwanawe kamwachia mke kama amana, na amana haihamishwi. Hao ni watu wa maduka, ukoo wa Kiarabu, wakishasema wamesema. Khadidja kaniambia niache, tusimharibie mtoto nyumba yake.

Basi tumekubaliana hivi. Uchungu ukimshika, Adija anapiga simu, mi naenda na gari kumpeleka materinite akazae. Mjini esansi ya magari hakuna, teksi zimelala. Mi nina Corolla yangu na bidoni moja iliyojaa, niliyoifungia stoo, na haigusi mtu. Simu ya nyumba hii ni moja, yangu, kwa sababu ile ya Khadidja tulimpa Adija yake ilipovunjika. Kwa hiyo simu yangu isizime. Ni hilo tu. Na kutia moto, yaani chaji, kwenye betri ndiyo kazi ya mikono yangu hapa Jabe tangu ujana. Nani atanifundisha?

7 Oktoba

Umeme umekatika asubuhi. Umerudi jioni, ukakatika tena nikiwa bado na waya mkononi. Astaghfirullah.

11 Oktoba

Mwanamwema kashuka leo sokoni kutafuta vitambaa vya duka lake, akapita garajeni kwangu kunisalimia. Heshima katimiza, sikatai. Akaiona simu yangu mezani katikati ya betri za magari, nimeiunganisha na waya nilizotengeneza mwenyewe, jua linaipiga, nayo inakunywa moto.

"Baba Adija, simu hiyo iko pale tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Iko mia kwa mia, na itabaki mia kwa mia."

"Ikijaa si unaitoa? Tena juani hivi! Utaiua bure. Mi ya kwangu ikifika themanini natoa, ikishuka karibu ya ishirini narudisha. Mwaka wa sita huu niko nayo."

Themanini! Mtu akiniletea betri ya kamyo, la mizigo, nikamrudishia haijajaa, si atanitukana soko zima lisikie? Betri ya gari ukiiacha nusu inaoza ndani, nimezipasua nimeona. Na betri ni betri. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mama Djibril, we uza vitambaa, mambo ya moto niachie mi." Akacheka kwa pua, akavuta mtandio wake. "Ego, haya. Tutaona."

Hiyo "tutaona" yake imenikaa kooni mpaka sasa. Chakula sikukimaliza.

15 Oktoba

Mvua. Maji ya mtaro yameingia garajeni. Simu mia kwa mia, alhamdulillah.

18 Oktoba

Swala ya Ijumaa leo sikuisikia vizuri. Simu ilikuwa mfukoni mwa kanzu, bila sauti, lakini ya moto kama andazi lililotoka kwenye mafuta. Nikawa nasogea huku, nasogea kule, mpaka jirani yangu safuni akanikoholea. Nje nimeivua kava, nikaipepea na kofia, watu wananitazama.

Nimemuuliza Khadidja imekuwaje. "Umelala nayo chini ya mto iko kwenye sharjeri, unauliza imekuwaje?" Sasa nifanye nini? Moto ukija usiku, nichelewe kuukamata? Mji huu moto ukija unakunywa wote, hujui utauona tena lini. Hao wa kusema itoe, irudishe, itoe, irudishe, wana umeme wa wapi?

23 Oktoba

Adija kapiga. Miguu imevimba kidogo, mtoto anacheza. "Papa, mama mukwe ananikanda miguu kila jioni na mafuta ya nazi." Akukande, nimemwambia, ni kazi yake, si amekung'ang'ania? Nikajuta, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Tulipoanza kuongea simu ilikuwa imejaa. Tulipoagana ilikuwa hamsini na kitu. Salamu tu zile! Nimeirudisha kwenye waya hapohapo.

27 Oktoba

Inashuka kama ndoo iliyotoboka. Nazidi kuijaza.

2 Novemba

Leo naandika mpaka mkono uchoke.

Simu ilikuwa asilimia thelathini. Nimeiona kwa macho yangu haya, thelathini. Nikaenda kufunga betri ya mteja, kazi ya kufumba na kufumbua, nikarudi nikaikuta nyeusi. Nikaitia kwenye waya, ikakaa, ikakaa, naisomea na Fatiha. Ilipowaka ikaniambia Adija kapiga mara nne.

Nikampigia. Haipokelewi. Nikapiga tena, inaita mpaka inachoka. Yebabawe! Sikufunga hata garaje. Nimechukua bidoni, esansi nimemwaga nusu kwenye gari na kidogo kwenye suruali yangu, nimepanda Musaga napiga honi kwa kila kitu kilichokuwa barabarani, kuku, baiskeli, vyote. Njiani naona mtoto wangu amelala sakafuni. Naona mambo ambayo sitaki kuyaandika. Nimelia, na nimefurahi kwamba mvua ilikuwa nyingi na kioo changu cha gari hakifungi.

Nimemkuta Adija barazani, miguu kwenye beseni, anachambua majani ya lengalenga na kuimba.

"Papa! Umekuja? Nilitaka kumuuliza mama achari ya ndimu inatiwa chumvi kiasi gani."

Achari! Nilifungua kinywa, na muuguzi anisamehe, sikuandika, nilisema. Nilisema yote. Simu yake ilikuwa ndani, kitandani, inaita mito. Adija akaanza kulia, nami nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mwanamwema akatoka. Hakuuliza kelele za nini. "Baba Adija, umelowa. Ingia unywe chai."

"Ahsante, Mama Djibril. Unajua siwezi."

Anajua. Baba wa binti hali wala halali kwa wakwe zake. Babu yangu hakufanya, baba yangu hakufanya. Nimesimama getini kwenye mvua na heshima yangu.

"Simu ilikuwa imezima?" akauliza.

"Ni mtandao," nikasema.

Akaitazama simu mkononi mwangu, ilivyokuwa inafuka joto, akaitazama tena. Ningependa angesema kitu.

5 Novemba

Hakuna umeme, hakuna wateja, hakuna esansi. Mvua tu ndiyo haikatiki.

9 Novemba

Kioo cha simu kimeinuka upande mmoja, unaweza kupitisha ukucha. Nikadhani ni gundi imelegea na unyevu. Nimeifunga kwenye jiriwa ya mezani, nianze kuikaza taratibu irudi mahali pake, nikasikia mtu anapiga ukelele toka ng'ambo ya barabara.

"Mzee, apana! Apana! Acha!"

Ni Callixte, kijana anayetengeneza simu pale mkabala. Kaja mbio na bisibisi nyuma ya sikio. Kaifungua simu kwa mikono miwili kama anafungua kidonda, na ndani nimeiona betri, imevimba tumbo.

"Ukiikaza au ukiitoboa inawaka moto, na garaje yako inaenda. Umeifanya nini hii?"

"Nimeitunza. Siku zote imejaa."

"Ndiyo ile imeiua." Akaeleza, na nilitaka kumkatiza lakini sikupata mahali. Betri ya gari inapenda kukaa imejaa, alisema, pale nina haki. Ya simu ni mtu mwingine kabisa. Ikikaa imejaa siku nzima kwenye waya inachoka, na joto ndilo linaimaliza. Kuiacha ife mpaka sifuri kila mara ni vilevile. "We umeifanyia yote mzee. Jua, mto, na kava juu. Na hizi waya umetoa wapi?"

"Nimetengeneza mi mwenyewe."

Akashika kichwa. "Mi ningefanyaje? Ikifika themanini natoa. Sharjeri ya kweli, mahali pa baridi, basi."

Themanini. Nilitaka ardhi inimeze. Nimekasirika leo kuliko siku zote, na nikitafuta nimkasirikie nani, kila njia inarudi kwangu. Betri ni betri! Nani alinituma kusema vile, tena mbele ya Mwanamwema?

Betri mpya ya simu hii mjini haipo, inangojwa ije na mizigo. Callixte kanifungia iliyotumika, kaitoa kwenye simu iliyokufa. "Itakusogeza tu, mzee, usiitegemee." Na mi nina nini kingine cha kutegemea?

12 Novemba

Nafuata sheria zote. Sharjeri ya Callixte, kivulini, kava nimetupa. Themanini natoa. Ishirini narudisha. Lakini betri hii ni mzee mwenzangu, adhuhuri inazungumza, alasiri imelala. Adija ana tumbo limeshuka, Khadidja amesema ni siku chache tu. Tumempa namba ya jirani pia. Tumempigia jirani kujaribu, na yeye simu imezima.

15 Novemba

Tumegombana, mi na Khadidja. Nimesema heri tumlete Adija hapa kwa nguvu. Kasema siku hizi za mwisho, barabara ile yenye mashimo, nina akili? Kasema, "Nenda we kalale Musaga."

"Mkwe alale kwa mkwe? Unataka watu wanicheke?"

"Basi lala mlangoni kwao, na mila yako uitandike ulalie!"

Kaingia ndani, kabamiza mlango. Kalisema kwa hasira, lakini nimekaa nalo, na kadiri ninavyolikalia linakuwa shauri.

16 Novemba

Nipo ndani ya Corolla, nimeegesha nje ya geti la Mwanamwema, juu ya mteremko. Nimeleta blanketi, birika la kutawadhia na kaye hii. Adija kacheka, kisha kaacha kucheka, kanishika mkono kupitia dirishani. Sasa simu si kitu tena, nikisikia kelele nimesikia. Lakini Khadidja naye anataka habari kupitia simu ya jirani, akiiwasha, kwa hiyo nimeichomeka kwenye tundu la sigara la gari ili isilale.

17 Novemba

Asubuhi Mwanamwema katoka na sinia: chai ya maziwa, chapati, maharage. Nimetazama pembeni. Kaliweka juu ya boneti.

"Hii ni barabara ya serikali, Baba Adija, si nyumba yangu. Kula."

Nimecheka bila kupanga. Nimekula chapati zote, na zilikuwa laini, lazima niseme.

Hakwenda. Kaegemea gari upande wa pili, mtandio kajifunga vizuri, anatazama ziwa kule chini. "Unaniona mchoyo kwa sababu nimemshika Adija," akasema. "Djibril akiwa majini, kila upepo nasimama dirishani. Tangu baba yake amefariki nalala peke yangu katika nyumba ile. Huyu binti akikohoa chumba cha pili, napata usingizi."

Mwezi mzima na nusu nimejaza kaye hii kwa ajili ya huyu mama, na hili halimo hata kwa mstari. Nikamwambia chapati zilikuwa nzuri. Kanichukulia sinia.

19 Novemba

Umeme Musaga haupo siku ya tatu. Mvua inaingia dirishani. Mgongo unauma, nimekasirika na kiti, na gari, na Djibril, na ziwa lenyewe.

20 Novemba

Naandika nikiwa kwenye benchi la materinite. Naandikia gotini, nisamehewe mwandiko.

Kumekucha, nimetoka kuswali, nikamsikia Mwanamwema anaita jina langu. Si Baba Adija. "Chabani!" Adija kaja ananing'inia begani mwake, uso umebadilika. Tumemlaza kiti cha nyuma. Nimegeuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik.

Mi, Chabani wa betri, Jabe nzima wananijua! Kontakti, swichi ya ufunguo, ilikuwa wazi usiku kucha ili simu ile inywe, ikanywa, na betri ya gari nimeikausha kabisa. Simu imejaa vizuri, inang'aa, na gari limekufa. Nimepiga usukani kwa kichwa. Nimesema mimi ni mpumbavu, nimelisema kwa sauti, na Adija nyuma kasema, "Papa, si sasa hivi!"

Mwanamwema tayari alikuwa na simu sikioni. Kapiga huku, kapiga kule, kila mwenye gari anamjua, na kila mmoja jibu ni moja, esansi hakuna. Nikachukua yangu nimsaidie kupiga. Betri ile ya kuokota ikaonyesha tisini, ikaonyesha kumi na mbili, ikazima. Sikushangaa hata.

"Gari hili likisukumwa linawaka?" akauliza.

"Linawaka. Lakini nani..."

Alishatoka. Kafunga mtandio kiunoni, kaweka mabega nyuma ya Corolla yangu, mama wa watu, mwenye duka, ndani ya dira lake la hariri. Kaita majirani wawili, wanawake wenye ndoo, wakaacha ndoo. "Bismillah! Sukumeni, sha!" Gari likasogea, likafuata mteremko lenyewe. Nikatia gia ya pili, nikaachia klachi, likakohoa, likaruka, likanguruma. Nililia kama mtoto. Nikalishikilia chini ya mteremko, mguu kwenye esansi lisizime, na kwenye kioo nikamwona Mwanamwema anakimbia kwenye matope, kandambili moja mguuni, nyingine sijui iko wapi. Kaingia nyuma, kampakata Adija kichwa. "Twende, baba, twende."

Njia nzima alikuwa anamsomea na kumpangusa jasho. Mi nilikuwa natukana mashimo. Adija alinishika shingo mara moja, kwa nguvu, sijui kama alijua ni shingo ya nani.

Tumefika. Wamemchukua. Mwanamwema kakaa kwenye benchi, nimekaa karibu naye. Nikamwambia, "Mama Djibril, ile siku garajeni ulikuwa na haki, mi nilikuwa na kiburi." Kasema, "Najua." Kisha akaniegemezea bega kidogo, amechoka, na tumekaa hivyo. Katuma mtu Jabe kumwita Khadidja, kisha kaendelea kumtafuta Djibril kwa simu, Kigoma, mara haipatikani, mara inaita na kukatika. Simu ya mama huyu haikuwa imejaa, siku ya nne bila umeme, na asubuhi yote ameitumia. Niliona namba ikipungua na safari hii sikusema neno.

Mtoto kazaliwa kabla ya adhuhuri. Msichana. Adija mzima, kachoka, anaomba maji. Mkunga kaniletea mtoto mikononi, amefungwa kitambaa, kwa sababu mwanamume wa pale nilikuwa mi. Anajua desturi zetu, kasema, "Mzee, adhini."

Nami nilikuwa tayari. Nakiri, wiki zote hizi nilikuwa nimejiwekea hiyo. Djibril hayupo, babu ndiye atakayemwambia mtoto neno la kwanza duniani. Nikasafisha koo.

Mwanamwema akanyoosha mkono wenye simu. "Nimempata. Ni baba yake. Anaomba."

Nikasikia sauti ya Djibril, ndogo, na mashine ya boti nyuma yake. "Papa, tafadhali. Niwekee kwenye sikio lake." Ningeweza kumwambia mambo haya si ya simu, kwamba shehe hatakubali. Nilikuwa nayo kwenye ulimi. Simu ilionyesha asilimia mbili. Nikaichukua, nikaiweka kwenye sikio la kulia la mtoto, sikuikaza.

Djibril akaanza. Sauti ilikuwa inavunjika, akirudi anaikusanya, anaendelea. Adija kitandani kageuza uso ukutani. Mwanamwema kafumba macho. Ikafika hayya alal falah, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha kimya. Nikaitazama simu, nyeusi. Hata hii ya Mwanamwema, ya miaka sita.

Mtoto alikuwa na jicho moja wazi. Mwanamwema kanitazama, na hakucheka kwa pua.

"Malizia, Baba Adija."

Nikainama kwenye sikio lile. Allahu akbar, Allahu akbar. La ilaha illallah. Ndevu zangu zikamchoma shavuni, akaanza kulia.